Gari yenye macho kinywani

Mmekuja mmoja mmoja, kila mtu na swali lake, na wengine na kisahani cha dagaa ili nisiwafukuze. "Nyanjura, ilikuwaje huko?" Nimechoka kusema vipande vipande. Kuandika sijui, kalamu naijua kwa kuiona tu, basi nasema na mkwe wangu Nyamisi anaandika. Mkikuta pameandikwa kwa adabu, hapo ni yeye, siyo mimi.

Kwa wale waliohamia juzi: baba yetu alikuwaga dereva wa Mzungu mmoja mchimba dhahabu. Mzungu alipoondoka akamwachia gari yake. Gari ilikuwa nzee hata wakati ule, ilitoka Ufaransa kabla ya ile vita kubwa ya Wajerumani. Gari zingine macho yapo mashavuni, si mnaziona? Hii macho yalikuwa ndani ya kinywa. Taa mbili zimekaribiana nyuma ya wavu wa mbele, kama mtu kameza vibatari. Vumbi likiingia humo kitambaa hakifiki, basi baba anainua ule wavu kidogo, mkono wangu mdogo unapita, nafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu duniani.

Siku moja akapakia pamba kwenda Bunda. Mama alisemaga kwamba aliaga, atarudi jioni. Jioni hiyo hatujaiona mpaka leo. Watu wakasema mto umembeba, wengine wakasema majambazi. Mdogo wangu Masatu alikuwa bado tumboni.

Mnanijua mimi, naigaga watu wote. Padre nampata, mwenyekiti wa kijiji nampata, mbuzi wa jirani anageuka nikimwita. Baba ndiyo simpati. Nilikuwa mdogo, sauti imepotea, imebaki honi. Masatu tangu anaota meno ananiomba, "Dada, niigie baba." Namwigia honi. Anacheka, halafu anaenda nyuma ya nyumba.

Na kwetu mnajua. Mtu akifa mbali, mwili usionekane, kinaletwa kitu alichokufa nacho mkononi au mwilini, kinazikwa, watu wananyoa, msiba unaisha. Baba mdogo alipozama ziwani lilikuja kasia. Wazee wakauliza kwanza, kasia ni lake au la kuazima? Ikaonekana ni la kuazima. Wakalikataa mbele ya mjane, ikatafutwa ziwani shati yake. Kitu cha mtu mwingine hakimrudishi mtu wako. Sisi hatukuwa na kasia wala shati. Mama alikufa bila kunyolewa. Tumemzika tukaacha nafasi pembeni yake, na miaka yote tunalima mihogo kuizunguka ile nafasi.

Sasa juzi kwenye harusi mama mmoja wa Bunda akasema, huku anatafuna, kwamba kwa jirani yao wanakata gari la zamani, wanauza skrepa, gari la ajabu eti lilikuwaga na macho mdomoni. Mimi nikaacha pilau. Mnajua mimi siachagi pilau.

Nyegina mpaka Musoma

Masatu alitaka kuja. Nikamwambia wewe baki, ikipatikana nani atachimba? Yeye ni mzee sasa, ana mvi kunizidi, lakini alinisindikiza mpaka barabarani ameshika kona ya khanga yangu kama mtoto anayepelekwa sindano.

Musoma nilipitia kwa fundi Wambura, yule wa karibu na soko, maana anapendaga magari ya kale kama wengine wanavyopenda wake za watu. Kwenye simu yake ana kundi la watu wa ng'ambo, kazi yao kutumiana picha za magari yaliyokufa na kubishana hili ni la mwaka gani. Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye suruali, akaanza na ile sauti yake ya puani, kama anasoma matangazo ya vifo redioni.

"Bibi. Taa nyuma ya shoo, huo wavu wa mbele, hiyo ni Mfaransa, na ni kabla ya vita. Baada ya vita waliyatoa macho nje."

"Na mimi baada ya ndoa yalinitoka nje," nikamwambia. Hakucheka. Watu wa kundi hawachekagi.

Akanionyesha picha. Nikaishika simu yake kwa khanga, nikamwambia ina baridi. Ilikuwa yenyewe. Siyo ya baba, lakini ndugu yake, imeoshwa, imesimama kwenye majani mazuri, Mzungu ameiegemea. Wambura akaendelea: mlango wa mbele unafunguka kinyume, bawaba zipo nyuma. Betri nayo imefichwa kule mbele nyuma ya shoo. Na chini ya shoo kuna namba, ile sifuri ya katikati ndiyo tundu la kuingizia chuma cha kuwashia.

Tundu nalijua. Baba alikuwa anazungusha pale na mimi nahesabu kwa sauti mpaka inguruma. Sikujua kwamba ni sifuri. Nilidhani ni kitovu chake.

"Lakini bibi," Wambura akasema, "hizi hazikuwa moja. Wazungu walileta nyingi. Utajuaje hii ni ya baba?"

Nikamwambia baba aligonga ng'ombe, wavu ukavunjika pembeni. Akaushona kwa waya wa shaba, na kwa kuwa babu alikuwa mtega samaki, aliushona kama mtego wa mgono unavyosukwa, mafundo yanalaliana kulia, kulia, kushoto. Hakuna Mfaransa anayejua kusuka mgono.

Wambura akaniangalia. "Basi tafuta shoo, bibi. Mengine yote yatakudanganya."

Akanipa chai, akakataa nimshukuru. Mtu mzuri, sauti tu ndiyo mbaya.

Musoma mpaka Bunda

Nilipanda mchomoko, zile gari ndogo za kubeba watu, na kufika Kiabakari ikazimika. Dereva akashuka, akafungua boneti, akaiangalia injini kama mtu anayesoma barua ya talaka. "Dakika mbili tu, mama zangu." Jua lilikuwa upande wa kushoto. Aliposema tena, jua lilikuwa utosini. Aliposema mara ya tatu nikamwigia mbele ya abiria, "Dakika mbili tu, mama zangu," na mkono kiunoni kama wake, wote wakacheka, yeye akanuna, na kuanzia hapo akatengeneza kwa hasira. Ndiyo ikawaka. Wanaume wengine dawa yao ni hiyo.

Pale pale nilikaa na mama mmoja wa kuuza furu, vile visamaki vya ziwani vya kukausha. Akaniuliza naenda msibani au harusini. Nikasema sijui bado. Akanipa furu wawili na kiazi, akasema, "Kula mama, yote mawili yanachosha." Nimekumbuka maneno yake sana baadaye. Furu mwenyewe alikuwa na mchanga.

Bunda nilifika watu wanarudisha ng'ombe. Nyumba ilikuwa nje ya mji kwenye mashamba ya pamba, ya kijana anaitwa Magesa. Nikabisha. Wakatoka yeye na mke wake. Mimi kwa uchovu badala ya kusalimia vizuri nikasema moja kwa moja, "Mwanangu, nimefuata macho."

Sasa niangalieni. Kizee, macho mekundu ya vumbi, sijulikani, jua linazama, nasema nimefuata macho. Mke akaingia ndani akawabeba watoto, nikasikia komeo. Magesa akarudi nyuma hatua moja. "Bibi, hapa sisi ni watu wa kanisani."

"Mimi pia. Macho ya gari, mwanangu. Lile bovu."

"Macho ya gari ya kazi gani?"

"Ya kuzika."

Hapo nikaharibu kabisa. Ilibidi nikae chini kwenye vumbi, nivue viatu ili waone vidole vyangu ni vya binadamu, nieleze tangu mwanzo. Mke alisikilizia dirishani. Nilipofika pale pa mama yangu kumwekea baba chakula kila jioni na kukifunika, komeo likafunguka. Akatoka na uji. Akasema kwa sauti nyembamba ile ya wanawake wanaoshonaga sindano ikiwa mdomoni, "Pole bibi. Tulidhani wewe ni wale wengine."

"Mimi ndiye wale wengine," nikamwambia, "ila leo nimepumzika." Akacheka akiwa bado anaogopa.

Gari ilikuwa nyuma ya ghala. Jamani. Walikuwa wameikata kama nyama ya kitimoto. Mgongo kule, sakafu kule, kuku ndani ya kiti. Lakini mlango mmoja ulikuwa bado umeshika. Nikauvuta. Ukafunguka kinyume, unaelekea nyuma, na ukalia. Ule mlio hauandikiki. Niliwahi kuusikia nikiwa nimelala na homa, baba anarudi, ulilia vile vile.

Simu ikaita. Masatu. Siku hiyo alikuwa amepiga mpaka kitochi changu kikapata joto.

"Dada. Limepatikana?"

"Mlango umefunguka kinyume."

Akauliza, "Dada, tuchimbe?"

Wambura aliniambia nitafute shoo. Na kila mtu anajua kaburi halichimbwi kabla ya maiti kuonekana, maana shimo likishafunguliwa halilali tupu, linadai. Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa ule mlango. Nikasema, "Chimba."

Ndipo nikazunguka mbele. Gari haikuwa na uso. Palikuwa na uwazi tu na nyasi zimetokea humo.

"Shoo bibi yetu alienda nayo," Magesa akasema. "Babu alipokufa alirudi kwao Butiama, kule Mwitongo. Alisema yeye hawezi kulala mahali ambapo uso ule haupo. Wazee wana mambo."

Bunda mpaka Butiama

Nililala kwao, sikulala. Asubuhi nikarudi mpaka Kiabakari, pale pale pa furu, yule mama akanipungia. Kutoka hapo nikachukua bodaboda. Kijana wa bodaboda alikuwa anaongea na upepo njia nzima, "Bibi shika, bibi jiachie, bibi shika." Nikamuuliza nishike au nijiachie. Akasema, "Vyote." Butiama ni karibu na kwetu kuliko Bunda. Nilikuwa naiangalia ile milima na mawe yake nasema moyoni, baba, kumbe ulikuwa hapa karibu, tungekuja hata kwa miguu.

Bibi huyo anaitwa Wandwi. Mzee kunizidi, mgongo umepinda, lakini mdomo umenyooka. Nilimkuta anawapa ndama majani. Na mbele ya ndama, mlango wa zizi lao, ni ile shoo. Wanatoa midomo kwenye upande uliofunguka wanakula. Taa mbili ziko nyuma yake bado, vioo vimekuwa vya kijani, ndama analamba.

Sikusalimia. Nikapiga magoti pale kwenye mavi. Nikapapasa pembeni, upande wa kushoto. Waya wa shaba. Kulia, kulia, kushoto.

Nikajaribu kuingiza mkono nifute taa. Haupiti siku hizi, umenenepa kwa ugali wa miaka yote hiyo. Ukakwama kwenye kiganja na ndama akaulamba.

Wandwi akasema juu ya kichwa changu, "Mwenzangu, ukimaliza kuswali useme unaitwa nani."

Tukacheka wote wawili. Nawaambia hilo mjue kwamba nilicheka pale. Nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki lini nilikuwa nayo. Nikamwambia mimi ni Nyanjura wa Nyegina, hii gari ilikuwa ya mtu wetu, alikufa nayo, nimekuja kuomba jicho moja tukamzike, kaburi limeshachimbwa, watu wamekaa.

Akaacha kucheka. Akaweka majani chini. "Alikufa nayo?"

"Ndiyo."

"Mwenzangu," akasema, "gari hii mume wangu aliinunua kwa mtu mzima, mwenye uhai wake. Mimi nilikuwa bibi arusi, hata jiko silijui. Nilimpikia ugali na samaki, ningu. Alikula akaongeza, akaongeza tena. Alikula kama mtu aliyetua mzigo."

Nikasema labda ni mwizi aliyemuua baba akaiba gari. Nikaona midomo yangu inasema hivyo haraka haraka. Yeye akaniuliza, alikuwaje huyo wenu? Nikamwambia alikuwa na kidole cha shahada kimekatika mbele, chuma cha kuwashia kilirudi kikamkata. Wandwi akainua mkono wake akakunja kidole kile kile, akanionyesha jinsi alivyokuwa anamega ugali.

Ndama wakaendelea kula.

Halafu akanieleza, na mjue Wandwi naye anaiga, tena ananizidi. Alisema mume wake alikuwa mwoga wa kununua kitu chenye machozi ya watu. Kwao mtu akiuza kitu kikubwa anaulizwa, nyumbani wanajua? Asije mke kesho anajigaragaza mlangoni. Basi mume wake aliuliza. Yule mtu akala. Mume akauliza tena. Mara ya tatu yule mtu akanawa mkono, akajibu. Na Wandwi akajibu kama yeye. Sauti ikashuka chini, nzito, taratibu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni kama mtu aliyeongea juu ya injini maisha yake yote.

"Nyumbani hakuna mtu."

Nikaijua. Sikuikumbuka, lakini nikaijua, kama unavyojua harufu ya nyumba yenu ukiwa ugenini. Ni yeye. Miaka yote naitafuta hiyo sauti, na imekuja na maneno hayo ndani yake.

"Akapanda lori la Mwanza," Wandwi akasema. "Hatukumuona tena." Halafu akauliza polepole, "Wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye hakuna mtu," nikasema. "Na mama yangu. Na mwingine alikuwa tumboni."

Akakaa chini pale pale nilipokaa mimi, vizee wawili kwenye zizi. Akasema, "Basi mume wangu alinunua machozi na hakujua." Akafungua khanga akatoa kisu kidogo akaanza kukata waya wa taa, anipe. Nikamshika mkono. Hata yeye alijua, alikuwa anafanya kwa huruma tu. Kasia la kuazima lilikataliwa mbele ya mjane. Sasa kitu ambacho mtu amekiuza mwenyewe, amenawa mkono, ameshiba, utakizika useme ndiye yeye? Ni gari ya Wandwi. Ni mlango wa ndama.

Alinipikia. Sato, na ugali wa mtama. Nilikula kwa heshima yake. Kila tonge nilikuwa naliona lile la kidole kilichokatika.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kuwaambia. Kijana wa bodaboda alisema shika, nikashika.

Ninyi mlikuwepo, mliona. Masatu amevaa koti la kanisani, wembe wa kunyolea upo kwenye sahani, shimo limechimbwa vizuri pembeni ya mama, kingo zimenyooka, amechimba mwenyewe na mgongo wake ule. Akaangalia mikono yangu. Akaangalia nyuma yangu, labda kuna mtu amebeba.

"Dada, umeacha wapi?"

Nikamvuta pembeni kwenye mihogo. Nilimwambia yote, maneno yote, hata yale ya mwisho, kwa sauti yangu hii ya kawaida. Nilifikiri atalia au atanipiga. Alisimama tu anachuna jani la muhogo, anachuna, mpaka likabaki kijiti.

"Kwa hiyo ulimsikia," akasema.

"Nilimsikia kwa Wandwi."

"Na wewe sasa unampata?"

Nikainama, nikaanza kung'oa magugu.

"Dada. Sema kama alivyosema."

"Masatu, si umesikia amesema nini?"

"Nimesikia. Sitaki maneno. Sema kama alivyosema."

Mliokuwa mnauliza tulikuwa tunafanya nini kule kwenye mihogo wakati shimo liko wazi na jua linaondoka, ni hicho. Nikakataa. Akasubiri. Nikashusha sauti, nikaisema.

Masatu akafumba macho. Akasema, "Kumbe ni kama yangu." Na kweli. Nilikuwa nimekaa nayo nyumba moja miaka yote hiyo sikuitambua.

Shimo halilali tupu, basi tulikata mgomba tukauzika, na wazee wakakubali kwa sababu ilikuwa inakaribia giza na hakuna aliyetaka kuuliza. Hatukunyoa. Wembe nimeurudisha dirishani. Mkipita pale pembeni ya mama msiseme pole baba, pale kuna mgomba.

Ninyi nyote nawaigia mnachotaka. Wambura nitawaigia, Wandwi, yule wa dakika mbili. Hiyo moja msiniombe. Inatosha Masatu. Anakuja jioni baada ya kula, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, anasema, "Dada, rudia," na mimi narudia, nyumbani hakuna mtu, na yeye anaitikia kwa kichwa kama mtoto aliyeitwa.